Ua wa Bustani na Mbuzi wa Jirani

Nilipohamishiwa Mbegani nilikuwa na shahada ya theolojia, mke, watoto watatu na masanduku mawili ya vitabu. Ndani ya vitabu hivyo habari za ua wa shamba zilikuwemo mara nyingi. Nabii Isaya anasimulia juu ya shamba la mizabibu ambalo mwenyewe aliliondolea ua, wanyama wakalila. Bwana Yesu naye alitoa mfano wa mwenye shamba aliyelizungushia ua kabla ya kulikodisha kwa wakulima. Chuoni niliwahi kuandika insha juu ya mifano hiyo, nikapata alama nzuri. Lakini sikuwa nimejenga ua wowote kwa mikono yangu, na mbuzi wa Mbegani hawasomi insha.

Kwa msomaji asiyefahamu eneo letu, Mbegani ipo pwani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, jirani na Kaole penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Wengi wanaijua kwa sababu ya chuo cha uvuvi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, watu wa bahari na wa minazi. Sisi Walutheri ni wachache, na wengi wetu tumetoka bara kwa ajili ya kazi au masomo. Ardhi ni ya kichanga. Ukitaka mboga, lazima ubebe samadi, umwagilie maji ya kisima asubuhi na jioni, na umwombe Mungu.

Ndivyo walivyofanya akina mama wa mtaa wetu. Nyuma ya nyumba ya mchungaji walilima bustani ya mchicha, bamia, matembele na nyanya chungu. Kila Jumapili baada ya ibada, mafungu ya mboga yalipelekwa kwenye mnada pamoja na mayai na nazi za sadaka. Fedha ya mboga ilikuwa na kazi yake: kununua daftari na sare za watoto wanne waliofiwa na wazazi. Kwa hiyo mbuzi walipoingia bustanini, hawakula mchicha tu. Walikula daftari.

Nao waliingia. Hapa kwetu mbuzi hutembea wenyewe mchana kutwa, na jioni hurudi nyumbani bila kuitwa. Mara ya kwanza walimaliza matuta mawili. Mara ya pili hawakubakiza hata shina la bamia. Walikuwa mbuzi wa bibi mmoja jirani, mjane, ambaye nyumba yake na yetu zimetenganishwa na njia ya miguu tu. Nitamwita Bibi, kama tunavyomwita sote. Yeye huniita Padri. Nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ni mchungaji wa Kilutheri, mwenye mke na watoto, naye huitikia, "Haya, Padri."

Nilianza kwa kuzungushia matawi ya miiba. Mbuzi walisubiri yakauke, kisha wakayasogeza kama mtu anayefungua pazia. Nikamwita fundi anipigie hesabu ya ukuta wa matofali. Hesabu aliyonipa ingemeza sadaka yetu ya miezi mingi. Ndipo mtu mmoja akanishauri seng'enge. Nilinunua kwa fedha yangu, nikachimbia nguzo, nikavuta nyaya tatu za miiba kuzunguka bustani yote. Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Jioni ile nilisimama nikaitazama nikiwa nimeridhika kabisa. Haikuwa nzuri kwa macho, lakini nilisema moyoni, sasa tuone.

Siku ya tisa, kabla ya jua kuchomoza, nilisikia mtoto analia nje. Alikuwa mjukuu wa Bibi, mvulana wa miaka kumi na miwili anayechunga wale mbuzi. Mbuzi jike mmoja, mwenye mimba pevu, alikuwa amejaribu kupita usiku kati ya waya wa chini na wa katikati. Tumbo lilimzuia. Kila alipojivuta alizidi kujichana, na alfajiri alikuwa amekwisha kufa. Ndani yake walikuwemo watoto wawili. Kwa kuwa hakuchinjwa, nyama yake haikuweza kuliwa na Bibi wala na yeyote wa nyumba yake. Ikawa hasara tupu. Yule mvulana alichimba shimo chini ya mkorosho akamfukia. Nilimwambia alete jembe langu lenye mpini mzuri. Hakunijibu, akaendelea na lile lake.

Ningependa kuandika kwamba siku ile ile nilikwenda kuomba radhi. Sikwenda. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, lakini huzuni yangu ilikuwa na hoja. Bustani ni ya kanisa. Mbuzi ni wake. Nani aliyevuka mpaka? Nilifungua Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aya ya 5, penye sheria ya mtu ambaye mnyama wake amelisha katika shamba la mwingine: mwenye mnyama ndiye anayelipa, tena kwa mazao bora ya shamba lake. Niliisoma mara mbili. Ilinipa usingizi.

Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alitusikiliza wote wawili kwa upole, akasema kwamba mwenye mifugo ndiye mwenye wajibu wa kuizuia, kwamba mboga zimeliwa na mbuzi amekufa, na kwa hiyo hakuna wa kumlipa mwenzake. Bibi hakubisha. Alisema, "Nimesikia," akajifunga vizuri kanga yake, akaondoka. Nilikuwa nimeshinda. Tangu siku hiyo aliponiona njiani alijibu salamu yangu kwa neno moja, "Marahaba," bila ile "Padri" iliyokuwa ikinichekesha. Mbuzi wake waliosalia walifungwa kamba. Bustani ikastawi. Mnada ukawa mzuri. Na mimi, kila nilipokwenda kumwagilia, nilitazama upande mwingine ili nisiuone ule mkorosho.

Jumamosi moja nilikuwa na darasa la kipaimara. Tulikuwa tumefika kwenye Sala ya Bwana, ombi la nne, lile la mkate wetu wa kila siku. Wale tuliokaririshwa Katekisimo Ndogo tukiwa watoto tunakumbuka kwamba Martin Luther haishii kwenye chakula. Anahesabu ndani ya neno "mkate" nyumba na shamba, mifugo na fedha, amani na afya, na anapokaribia mwisho wa orodha anawataja majirani wema. Nilikuwa nimefundisha ombi hilo kwa miaka mingi. Binti mmoja akainua mkono akauliza, "Mchungaji, kwa hiyo hata Bibi mwenye mbuzi tunamwomba kila siku kwenye Baba Yetu?"

Wenzake wakacheka. Nikajaribu kucheka nao. Nikamjibu, "Ndiyo, hata yeye," nikapita haraka kwenye ombi la tano, na ombi la tano, kama mjuavyo, ni kusamehewa makosa. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Usiku ule nilirudi kwenye kitabu cha Kutoka. Safari hii sikuanzia pale nilipopapenda. Nilianzia sura ya 21. Mwishoni mwa sura hiyo, aya ya 33 na ya 34, ipo sheria nyingine: mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo ndiye anayelipa. Torati haimuulizi ng'ombe alikuwa anatafuta nini pale. Inamuuliza aliyechimba kwa nini aliacha hatari wazi mahali ambapo alijua wanyama hupita. Sheria hizo mbili zinakaa karibu kiasi kwamba katika Biblia yangu zimo kwenye ukurasa ule ule. Nilikuwa nimesoma iliyonitetea, nikairuka iliyonishtaki. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma.

Asubuhi niliamka na jambo moja la kufanya, lakini sikujua namna ya kulifanya. Mimi ni Mchaga. Kwetu mpaka wa kihamba huoteshwa masale, yale majani marefu ya kijani kibichi ambayo hata mtoto anajua hayavukwi ovyo. Na jani la mmea huo huo ndilo linalobebwa na mtu aliyemkosea mwenzake anapokwenda kuomba msamaha. Akilifikisha jani, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kukataa kumsikiliza. Marehemu baba yangu aliwahi kumpelekea jirani yake jani hilo kwa ajili ya mfereji wa maji, nami nilikuwa nyuma yake, mtoto mdogo, nikiona aibu. Nilipokuja pwani nilibeba vipande vitatu vya isale nikavipanda kwenye ndoo iliyopasuka, kivulini, karibu na kisima. Viwili vilikauka. Kimoja kilishika. Nikakata jani.

Nilimkuta Bibi ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele. Nikavua viatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nikampa lile jani kwa mikono miwili. Akaligeuza upande huu na huu. "La dawa hili?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba kwetu jani hili husema lile ambalo mdomo unashindwa kusema, na kwamba mdomo wangu ulishindwa kwa wiki sita. Nikasema, "Bibi, mbuzi wako alikufa kwa waya wangu. Nilikwenda kwa mwenyekiti kutafuta haki, ningekuja kwako. Nisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yule mbuzi alikuwa wa mtoto huyu. Mamake alimwachia kabla hajafariki."

Sikuwa nimejua hilo. Nilikuwa nimeishi hatua arobaini kutoka kwao, nikichangisha fedha kwa ajili ya yatima wanne wa kanisa, na yatima wa tano alikuwa anachunga mbuzi mbele ya dirisha langu.

Bibi akaendelea, akilikunja lile jani taratibu. "Padri, wewe ulijenga waya, hukujenga ua. Ua hujengwa mbuzi auone, ageuke. Wako ulijengwa mbuzi asiuone, aumie. Usiku mbuzi ataonaje waya?"

Nimesoma vitabu vingi vya maadili ya Kikristo. Sijapata kusoma maelezo mafupi kuliko hayo.

Nilimnunulia yule mvulana mbuzi mtamba. Bei yake ilinifanya niahirishe mambo kadhaa ya nyumbani, na mke wangu alisema ni sawa. Kisha niling'oa seng'enge yote, nikaikunja. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha ua wa kipwani, na kwa kuwa baadhi yenu mnalima bustani na mmewahi kuniuliza, nitaeleza jinsi tulivyoujenga.

Nguzo tulitumia matawi ya mivinje yaliyokatwa katika kupogoa. Tusikate mikoko, misitu yake ni hifadhi, haikatwi bila kibali, tena ndiyo inayolinda ufukwe na mazalia ya samaki. Sehemu ya nguzo inayoingia ardhini tuliipaka oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa, tukaiacha ikauke. Kati ya nguzo na nguzo tuliacha hatua mbili, tukafunga fito tatu za kulala. Chini tuliweka nyavu kuukuu za dagaa, ambazo wavuvi hutupa dikoni zikishachakaa. Matundu yake ni madogo, kwato wala pembe haiingii, na ukifukia ukingo wake kina cha kiganja, hata kuku hawapiti. Wavu uvutwe ukaze, maana ukilegea unanasa ndege na nyoka. Juu ya wavu tulifunga makuti ya kumba, yaliyosukwa, upande wa nje, ili mnyama aone kitu kizima mbele yake. Asipoiona mboga haimtamanishi sana, na akiuona ua hajaribu kuupenya.

Mwisho, mwezi wa tatu, mvua za masika zilipokaribia, tulipanda vipande vya mbono kaburi kuzunguka ua wote, shubiri moja kati ya kipande na kipande. Mbuzi hawali majani yake. Makuti huchakaa baada ya miaka michache, lakini wakati huo mibono imekwisha kuwa ua hai, nayo hupogolewa ikanyooka vizuri. Jambo moja la kuwaonya watoto: mbegu zake ni sumu, zisiliwe hata kwa mchezo. Wengine hupanda minyaa, nayo ni imara, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Langoni tulipanda bogenvilia mbili, nyekundu na nyeupe. Hiyo ilikuwa amri ya mke wangu, aliyesema nyumba ya Mungu isipakane na kitu kibaya kwa macho.

Gharama yetu ilikuwa oili, kamba na misumari. Nyavu tulipewa bure. Makuti yalisukwa na akina mama wa kanisa pamoja na majirani wa Kiislamu, chini ya mnazi, siku mbili, na nadhani katika siku hizo mbili walifahamiana kuliko katika miaka mitano ya kupishana njiani. Wengi wa akina mama wetu wa bara hawakujua kusuka kumba. Walifundishwa, na walichekwa, na walicheka.

Lango tuliliweka upande wa Bibi. Hilo lilikuwa wazo la wazee wa kanisa, si langu. Akitaka mchicha wa jioni anaingia. Magugu na mashina tunayong'oa tunayaweka nje ya lango, na wale mbuzi hula hapo.

Tangu hapo nimetafakari sana maneno ya Bibi. Tulifundishwa chuoni kwamba mojawapo ya kazi za sheria ya Mungu ni kuzuia uovu usivamie maisha ya watu, kama ua unavyozuia wanyama. Ni mafundisho ya kweli, nami nayafundisha. Lakini nilijiuliza ni mara ngapi katika utumishi wangu nimesimamisha seng'enge nikaiita ua. Nilimkumbuka binti mmoja, katika usharika niliotumika zamani, aliyepata mimba kabla ya ndoa. Nilimwandikia barua ya kumweka chini ya nidhamu ya kanisa kabla sijakanyaga kwao. Kanuni ilikuwa upande wangu, kama kitabu cha Kutoka kilivyokuwa upande wangu. Alipokuwa anahitaji kuona kitu kitakachomgeuza kwa upole, alikuta waya. Hakurudi. Nimemtafuta, na sijampata. Kwake sina jani la kupeleka ila ninamtaja katika maombi, katika ombi la nne na la tano.

Amri za Mungu zimewekwa zionekane. Zinasema mapema na kwa sauti, "Usipite hapa, utaumia," na anayezisema ni Baba anayetutakia uzima. Tukizifanya kuwa nyaya za gizani za kuwanasa watu, tumezigeuza. Wala simaanishi kwamba pasiwe na ua. Bustani bila ua ni chakula cha mbuzi, na watoto wetu wangekosa daftari. Bibi mwenyewe hakuniambia nisijenge. Aliniambia nijenge vizuri.

Yule mvulana sasa ni kijana. Siku tuliyofunga nyavu alitumwa na bibi yake atusaidie, na ndiye aliyefunga mafundo yote, kwa mikono myepesi ya mtu wa pwani. Hakuniangalia usoni siku nzima. Siku hizi hunisalimu, "Shikamoo," husimama kidogo, kisha huenda zake. Mbuzi niliyempa amezaa mara kadhaa, lakini najua si yule aliyeachiwa na mama yake, na sitajifanya kwamba ni yule. Nimeomba msamaha wake mara moja, kwa maneno yangu mwenyewe. Sijamuuliza tena. Msamaha ni wake kuutoa, na kazi yangu ni kuendelea kuwa jirani mpaka siku atakapotaka, na hata asipotaka.

Isale niliihamisha kutoka kwenye ndoo nikaipanda langoni, karibu na bogenvilia nyeupe. Jua la pwani linaichoma ncha, ila haijafa. Bibi huimwagilia maji yanayobaki kwenye ndoo yake. Majuzi nilimkuta anaondoa majani yaliyokauka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Padri. Jani lenu hili lina kiu kweli."

Mpendwa msomaji, jioni ya leo tembea kidogo ukautazame ua wako, wa nyumbani na wa moyoni. Angalia kama unaonekana usiku. Angalia lango lake limeelekea kwa nani. Na utakapofika kwenye ombi la nne, usipite haraka.